Ndege za Vita Sebuleni kwa Bibi Harusi



Maswali tunayoyazoea kwenye cherehani zetu ni yale yale. Dirisha la futi sita linataka mita ngapi za pazia, shuka za fungate ziwe nyeupe au krimu, mito ijazwe sufi au sponji. Safari hii tumeletewa swali ambalo tangu tumalize kozi ya ushonaji hatujawahi kuulizwa, na limetuweka macho siku kadhaa. Bibi harusi wetu mmoja, tuliyemshonea nguo zote za harusi pamoja na seti ya chumba, ameolewa na kijana wa hapa hapa Unguja anayeishi Uingereza. Ametupa ruhusa tulisimulie jambo lake, ila bila jina wala mji.

Alipofika kwa mumewe akatutumia picha za sebule kwenye simu. Juu ya kochi kuna fremu tatu za mbao, kila moja na ndege ya kivita ya zamani ikikata mawingu. Ukuta unaotazamana na mlango una picha kubwa zaidi, ya kioo: ndege za injini nne zinaruka usiku, taa za kumulika zinachana anga, na chini kabisa kuna wekundu wa mji unaoungua. Kwenye makochi kuna mito miwili yenye duara la rangi ya buluu, nyeupe na nyekundu, alama ya Jeshi la Anga la Uingereza. Chini ya picha akaandika: "Dada, hii ni sebule au kambi? Nishoneeni mapazia mapana niifunike kuta zote."

Mita zile zingetuletea pesa nzuri, hatukatai. Lakini hatukugusa mkasi. Tulimuuliza kwanza kama amemuuliza mwenyewe kwa nini ameziweka. Hakuwa amemuuliza. Alikuwa na siku kumi na mbili katika nyumba ile.

Hebu tuzieleze hizo ndege, maana sisi wenyewe ilibidi tusome. Zile tatu juu ya kochi ni Spitfire. Aliyeichora ramani yake ni mhandisi R. J. Mitchell, ikaruka mara ya kwanza Machi 1936, na yeye akafariki mwaka uliofuata bila kuiona vitani. Mabawa yake yamezunguka taratibu mpaka nchani kama jani, na ukiwa fundi wa kukata nguo utakiri kuwa mkato ule ni wa mtu mwenye jicho. Katika kiangazi cha 1940 ndege hizo, pamoja na nyengine ziitwazo Hurricane, zilizuia ndege za Ujerumani zilizokuwa zikija kuishambulia Uingereza. Ndiyo maana Waingereza wanaipenda ile ndege kama sisi tunavyolipenda jahazi. Utaikuta kwenye vikombe, taulo za jikoni, saa za ukutani, foronya, hata karatasi za kubandika chumba cha watoto wa kiume.

Ile kubwa ya usiku ni Lancaster. Hiyo haikuwa ya kuzuia, ilikuwa ya kwenda kupiga. Ilibeba watu saba na mabomu, ikatumwa usiku kwenye miji ya Ujerumani. Hamburg peke yake, Julai 1943, watu waliokufa kwa moto walikuwa makumi ya maelfu. Na waliokuwa ndani ya ndege nao walikufa sana: katika kikosi chao cha karibu watu 125,000, zaidi ya 55,000 hawakurudi, na wengi walikuwa vijana wa miaka ishirini na kitu.

Baada ya vita ikazuka kazi kamili ya wachoraji wa ndege tu. Frank Wootton alikuwa mmoja wao wa mwanzo, alichora akiwa pamoja na jeshi lenyewe, na baadaye wakaja kina Robert Taylor. Picha zao huchapwa nakala kwa hesabu maalumu, kila nakala ina namba yake, na marubani waliokuwa hai walikuwa wakitia saini kwa penseli pembeni. Kwa hiyo unapoona karatasi kwenye fremu usidhani ni kalenda. Usije ukaitia kwenye mfuko wa taka siku ya usafi ukaharibu ndoa.

Swali la dini ndilo alilolileta pili, na ndilo ambalo wengi wenu mngeliuliza. Tulimpelekea ustadhati wetu wa darasa. Jibu lake halikuwa refu. Katazo linalojulikana ni la picha za vyenye roho, na Ibn Abbas (r.a.) alipojiwa na mtu aliyekuwa akiishi kwa kuchora alimuelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Ndege ya chuma haina roho. Picha yake haiingii katika katazo lile, na wanavyuoni wengi ndivyo wanavyoona. Lakini akatukumbusha kisa cha pazia la Bibi Aisha (r.a.), lile lenye nakshi, ambalo Mtume (s.a.w.) alitaka liondolewe kwa sababu lilikuwa likimjia machoni ndani ya sala. Ustadhati akasema: basi muulizeni wanasali wapi. Wanasali sebuleni, kibla kinapita kushoto ya lile kochi, na Spitfire moja iko usawa wa macho. Hiyo moja ikapandishwa juu ikasogezwa upande, na mume hakuona shida. Kazi ya bisibisi na dakika kumi.

Kabla hatujaendelea, neno moja kwa mnaonunua mitandaoni. Zipo picha za ndege za Marekani za vita vile vile ambazo puani mwake wamechorwa wanawake nusu uchi. Askari walikuwa wakizichora ili ziwape bahati na kuwafariji, na ile maarufu ya Memphis Belle ilitoka kwenye mchoro wa gazeti. Hizo hatuna la kujadili. Ikija kwetu kwa ajili ya foronya tunairudisha.

Basi yule mdogo wetu akamuuliza mumewe. Alisubiri baada ya Isha, akamtilia chai, akauliza kwa upole kama tulivyomshauri, "Nihadithie hizi picha," sio "Hizi utazitoa lini?"

Zile Spitfire alizinunua mwenyewe, moja moja, sokoni kwenye vitu vya mitumba. Anazipenda tu, tangu skuli alikuwa mtu wa ndege. Lakini ile Lancaster alipewa. Alipofika Uingereza miaka ya mwanzo, akisoma, kazi yake ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani: kuwaogesha, kuwalisha, kuwalaza. Mzee wake mmoja, aliyekuwa ameshapita miaka tisini, alikuwa fundi wa injini za Lancaster alipokuwa kijana. Hakuwahi kuruka. Kazi yake ilikuwa kuitengeneza ndege mchana, kuiona inaondoka jioni, kisha kusimama alfajiri uwanjani kuhesabu zinazorudi. Mara nyingine ndege yake ilirudi, mara nyengine hakurudi mtu. Mzee yule alikuwa hana watu. Ramadhani alikuwa akimuuliza mume wa mdogo wetu kila siku jua linatua saa ngapi, na akikataa kunywa chai mbele yake mpaka saa ile ifike. Alipokaribia kufa akamwambia achukue picha ukutani, yenye saini tatu za watu waliokuwa ndani ya ndege zile.

Bibi harusi alituandikia usiku huo huo: "Dada, sasa nitaifunika vipi?"

Tulidhani jambo limekwisha. Tukaanza kupanga rangi. Tukamwambia sebule ile haitaki maua makubwa wala dhahabu ya kung'aa. Ndege zile zilipakwa kijani kilichoiva na kahawia ya udongo juu, baadaye kijani na kijivu cha bahari, na chini rangi ya anga iliyofifia, ili adui akitazama kutoka juu aone ardhi na akitazama kutoka chini aone mawingu. Ukizichukua rangi hizo ukaziweka kwenye kitambaa unapata sebule tulivu mno: pazia la kijivu cha bahari lenye bitana nyeupe, mito ya kijani cha jani kavu, na mmoja wa kahawia. Watu wataona rangi zimekubaliana na picha bila kujua kwa nini. Mito ile ya duara la alama ya jeshi tulimshauri aivue foronya. Kwanza duara jekundu katikati ya mto linaonekana kama shabaha ya kulengea. Pili, alama ya jeshi la watu si kitu cha mgeni kuegemeza mgongo. Mume akacheka, akakubali.

Kisha ikaja Jumamosi ya darasa.

Wanawake wa msikiti wa pale hupokezana nyumba, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Ilikuwa zamu yake ya kwanza kama mke wa mtu. Akapika sambusa na kaimati, akatandika. Miongoni mwa waliokuja ni dada wa Kishami, kutoka Aleppo. Alipoingia alitoa salamu vizuri, akakaa kwenye kochi linalotazamana na ile Lancaster. Baada ya muda akahama, akaenda kukaa kwenye kiti kilicho chini yake kabisa, akaipa mgongo. Hakula. Mdogo wetu alidhani hakupenda chakula, akamfuata jikoni wakati wa kuosha vikombe. Yule dada akamwambia kwa Kiingereza chao cha kubabaisha wote wawili kwamba chakula ni kizuri. Ila kwao ndege walikuwa wakiijua kwa sauti kwanza, kabla ya kuiona, na helikopta ndizo zilizokuwa zikiangusha mapipa ya mabomu, na yeye ule wekundu wa chini ya picha anaujua. Akasema, "Mimi nilikuwa pale chini." Akakausha kikombe, akakiweka.

Sisi tuliposomewa maneno yale tuliifungua tena ile picha ya simu tukaitazama upya. Ni kweli. Mchoraji anamsimamisha mtazamaji juu, sawa na mabawa, kana kwamba na sisi tumo ndani ya ndege jirani. Mji uko chini kama jiko la mkaa. Picha nyingi za aina hii ziko hivyo, hata zile nzuri. Unaona misumari ya bati, unaona moshi wa injini, unaona rubani na miwani yake. Aliye chini haonekani.

Halali ilikuwa halali, na zawadi ya marehemu ilikuwa zawadi ya marehemu. Lakini sebule kwetu ni chumba cha wageni, na mgeni ana haki yake. Ndivyo tulivyomwambia mdogo wetu, na hatukuona haya kumwambia kwamba sasa mume asipoelewa, aelezwe tena. Asisubiri yule dada aache kuja.

Mume hakufurahi. Alisema mzee yule hakumpiga bomu mtu yeyote, alikaza nati. Alisema nyumba yake ni yake. Siku mbili walizungumza kwa ufupi, "chai iko mezani", "nashukuru". Siku ya tatu akasema: siku za darasa nitaishusha mwenyewe. Jumamosi ya kwanza akaishusha, jioni akairudisha. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu akaipandisha kwenye kile kichumba cha juu chenye kompyuta yake na haikushuka tena. Hakusema neno, na mdogo wetu hakuuliza. Kwetu sisi huyo ni mume, mashallah.

Pale juu imekaa vizuri zaidi hata kwa afya ya picha. Wino wa kuchapa hufifia ukipigwa na jua, na ukuta wa sebule ulikuwa mkabala na dirisha. Wenzetu wa visiwani tuna shida zaidi: chumvi ya hewa, unyevu wa masika, kuta za mawe na chokaa zinazotema msumari. Ukipewa picha ya karatasi yenye thamani, usiibandike moja kwa moja kwenye ukuta wa nje. Acha nafasi nyuma ya fremu, vipande vidogo vya mpira kwenye kona vinatosha, hewa ipite.

Msumari ukabaki mtupu sebuleni, na ukuta mtupu kwa fundi ni kishawishi. Tulipendekeza mambo mawili na yote mawili hayakwenda.

La kwanza ni nakala ya picha ya Paul Nash iitwayo Totes Meer, maana yake kwa Kijerumani bahari iliyokufa. Aliichora 1940 na 1941 baada ya kuona jaa la ndege za Ujerumani zilizoanguka, huko Cowley karibu na Oxford. Mabawa yaliyovunjika yamelala chini ya mwezi mpaka yanafanana na mawimbi yanayopiga ufukweni. Hapo mtazamaji amesimama chini, ardhini, na hakuna aliyeshinda. Tuliona imefaa: mume apate ndege zake, mgeni asipate kitisho. Mume akaitazama akasema, "Skrepa hii." Mdogo wetu naye akaikuza kwenye simu akatuletea ujumbe wenye alama za kuuliza tisa: "Dada, mbona kuna bundi?" Na kweli, pembeni anaruka bundi mmoja mweupe. Mikosi ya bundi dini imeikanusha, hilo tunalijua sote, lakini ni kiumbe chenye roho na ni bundi, na nyumba ya mwari wa miezi mitatu. Tukaiacha.

La pili ni zulia, na hili lilitushughulisha zaidi. Tulipokuwa tukitafuta zulia la kwenda na rangi zetu tulikutana na mazulia ya vita ya Afghanistan. Wasovieti waliingia nchi ile Desemba 1979. Wafumaji wa Kibaluchi na Kiturkmeni, wengi wao wanawake, waliokuwa wakifuma maua, ndege wa mbinguni na nakshi za mama zao, wakaanza kutia helikopta, vifaru na bunduki za Kalashnikov ndani ya nakshi zile zile. Katika baadhi ya mazulia helikopta imekaa mahali pa ua, kwenye pindo, ukipita haraka huioni. Wengine walifuma wakiwa wakimbizi Pakistan. Baadaye wafanyabiashara waligundua kuwa wageni wanayapenda, yakaagizwa kwa wingi, askari wa kigeni wakayanunua kuwa ukumbusho, na miaka ya karibuni yamefumwa hata yenye ndege zisizo na rubani.

Tulikaa na picha za mazulia yale jioni nzima. Ni sufi ya kondoo, fundo kwa fundo, nyekundu nzito na buluu ya usiku. Mwanamke amekaa chini ya anga ambayo helikopta inapita, akaihesabia nyuzi kama anavyohesabia ua la komamanga. Sisi tunajua kazi ya mkono. Tunajua kwamba mkono ukizoea jambo unalitia hata bila kuamrishwa. Wapo waliofuma kwa sababu waliona, na wapo waliofuma kwa sababu dalali alitaka, na kwenye zulia hutaweza kuwatenganisha. Hizi ndizo ndege za vita zilizochorwa na walio chini, na ni za mikono ya Waislamu wenzetu. Kwa hivyo tulimuuliza mdogo wetu kama anataka.

Alikataa palepale, na tulipomsikiliza tukaona ana haki. Alisema yule dada wa Aleppo hataulizwa zulia lilifumwa na nani. Atakanyaga helikopta.

Ukuta wa sebule mpaka leo una msumari mtupu. Zile Spitfire tatu bado zipo, na dada wa Aleppo anazitazama bila tabu. Amewahi hata kuuliza jina lake. Mdogo wetu bado hazipendi, anasema zinamkodolea. Tumemwambia avumilie, mume ameshatoa moja.

Chumba cha kulala ndicho kilichobaki, na hapo tulisimama imara: hakiingii kitu cha vita hata kiwe kizuri namna gani. Ila yule bwana, kwa kutania nadhani, akauliza kama hatuna japo uzi mmoja wa ndege kwa ajili yake. Tukamkumbusha mkewe gauni la Ruth Hensinger, maana hilo tunalipenda kuliko picha zote.

Mumewe, Claude, alikuwa rubani wa Marekani wa ndege aina ya B-29. Agosti 1944, baada ya kushambulia Yawata huko Japani, injini yake ilishika moto, wakaruka kwa miavuli juu ya China. Mwavuli ule wa nailoni nyeupe ukawa blanketi yake na mto wake mpaka walipookolewa. Akauhifadhi, na alipokwenda kumposa Ruth akampa ule mwavuli ashonee gauni. Ruth akashona sketi mwenyewe, na fundi wa pale kwao akashona kifua na shela. Sasa sikilizeni ujanja wake, mafundi wenzetu. Alivuta zile kamba za mwavuli kuyakusanya marinda, mbele yakapanda juu kidogo, nyuma yakaburura. Waliolewa Julai 1947, gauni lile likavaliwa tena na binti yake na mke wa mwanawe, na sasa limo katika makumbusho ya Smithsonian.

Basi chumba cha mdogo wetu tumekishonea pazia la ndani la nailoni nyeupe, mita kumi na mbili kwa dirisha la mita tatu, marinda mara nne yake, ambayo ni mengi kuliko tunavyomshauri mtu yeyote. Hatukutia mkanda wa kawaida wa kukusanyia. Tumepitisha kamba nyeupe ndani ya pindo, mbili mbili, anaweza kuivuta asubuhi pazia likapanda kama mwavuli na kuiachia usiku likashuka. Anayetaka la namna hiyo atupimie upana wa dirisha na urefu kutoka fimboni hadi sakafuni, azidishe kiganja kimoja, na nailoni ioshwe kwanza kwa maji baridi kabla ya kukatwa.